Mgeni Akikata Utepe, Mji Unabaki na Nini?

Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo kila mama wa kikundi analijua kwa miguu yake, kwa sababu amelisimamia juani: ziara ya mkubwa anayekuja kufungua soko lililotengenezwa upya, barabara ya katikati ya mji, au jengo la zamani lililopakwa rangi.

Barua inafika kwa shefu wa kartie, na tangu siku ile kazi inakuwa yetu. Salongo ya kufagia ni wamama. Kitenge cha sare kinanunuliwa kwa pesa ya likelemba. Chakula ni sisi, nyimbo ni sisi, vigelegele ni sisi. Mama anayeuza ndizi au samaki kando ya barabara anaambiwa aondoe meza yake siku mbili tatu ili picha zitoke safi, na zile siku watoto wake wanakula nini, hakuna anayeuliza. Mkubwa aliyetangazwa saa tatu asubuhi anafika saa nane. Anakata utepe, anatoa maneno, anapigwa picha, anapanda gari. Vumbi likitulia, tunabaki na sare na deni la sare.

Hatusemi kwamba ziara ni mbaya. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tunauliza tu: mwenyeji anapona nini, na anapona lini?

Kwa kutafuta jibu tumekwenda mbali kidogo, mpaka miji midogo ya Marekani. Tuna sababu mbili. Kwanza, tunaitazama safari moja ya mwaka 1998, na miaka zaidi ya 25 imepita, kwa hiyo tunaweza kuhesabu matunda yake. Pili, katika miji ile yaliheshimiwa mahali pa wanawake waliofua nguo, waliotoroka utumwa na waliodai haki zao. Hizo ni habari zetu pia.

SAFARI YA BASI YA MWAKA 1998

Mwezi wa Julai 1998, Hillary Clinton, ambaye wakati ule alikuwa mke wa Rais wa Marekani, alipanda basi Washington akaelekea kaskazini kwa siku nne. Safari hiyo ilikuwa ya kutangaza mpango wa kuokoa mahali na vitu vya historia vilivyokuwa vinaharibika, mpango ulioitwa Save America's Treasures. Alipita katika jumba la makumbusho, katika kiwanda cha zamani cha Thomas Edison, na katika miji ambayo watu wengi hawakuwa wanaizungumzia tena.

Kila aliposimama mambo yalikuwa kama tunavyoyajua: umati, hotuba, ubao unaofunuliwa, kamera. Lakini mpango wenyewe ulikuwa na masharti. Bunge la Marekani lilitoa dola milioni 30 kwa mwaka wa kwanza, na kila aliyeomba msaada alitakiwa kutafuta mwenyewe pesa inayolingana na ile aliyopewa. Serikali ikitoa dola moja, mji ulete yake moja. Kwa maneno mengine, mgeni alikuja na nusu ya mkate, na mwenyeji alipaswa kuwa na nusu nyingine tayari, au awe na watu wa kuitafuta.

PITTSFIELD: DUKA LA RANGI LILILOKUWA UKUMBI

Mji wa kwanza tunaoutazama ni Pittsfield, katika jimbo la Massachusetts. Wamama wa Likasi na Kolwezi watauelewa upesi. Pittsfield ilikuwa inaishi kwa kampuni moja, General Electric, iliyotengeneza transfoma za umeme. Siku zake nzuri kampuni iliajiri watu zaidi ya 10,000 pale. Katika miaka ya 1980 kazi ya transfoma ikafungwa. Kwetu, Gécamines ilipoanguka miaka ya 1990, tuliona mshahara unakatika, shule na hospitali za kampuni zinazorota, na mama anakuwa nguzo ya nyumba kwa meza ya kuuzia chumvi na sabuni. Kule pia maduka ya katikati ya mji yalifunga moja baada ya moja. Mwaka 1960 mji ulikuwa na watu karibu 58,000; mwaka 2000 walibaki kama 46,000.

Katikati ya mji kulikuwa na ukumbi wa maigizo ulioitwa Colonial Theatre, uliofunguliwa mwaka 1903. Maigizo na sinema vilipokufa pale, jengo liligeuzwa duka la rangi na vifaa vya uchoraji. Bahati nzuri, wenye duka hawakubomoa jukwaa wala mapambo ya ndani. Miaka ikapita watu wananunua rangi mahali ambapo bibi na babu zao walikaa kusikiliza muziki.

Hillary Clinton alipofika mwaka 1998, wakazi walikuwa wamekwisha kuanza kusema kwamba ukumbi urudishwe. Hapa tunaomba tusimame kidogo. Mgeni hakuwaletea wazo. Alilikuta, akalitamka mbele ya kamera, na kwa kulitamka akawapa nguvu wale waliokuwa wanaitwa waota ndoto. Baada ya hapo ilibaki kazi ya kutafuta pesa, kwa serikali, kwa makampuni na kwa watu binafsi, mpaka ikapita dola milioni 20. Ukumbi ulifunguliwa tena mwezi wa Agosti 2006, miaka minane baada ya ziara.

Mwaka ule ule kundi la maigizo la Barrington Stage, lililoanzishwa na mwanamke, Julianne Boyd, lilianza kucheza katika mji huo, ndani ya jengo lingine la zamani. Baadaye zikaanza sherehe za Alhamisi ya tatu, ambapo barabara kuu ilikuwa inafungwa kwa magari na watu walikuwa wanatembea, wanakula, wanauza na kununua. Je, kazi za kiwandani zilirudi? Hapana. Mwaka 2010 watu walikuwa wamepungua tena kidogo. Ni vizuri tuseme ukweli: jengo lililotengenezwa haliwezi peke yake kurudisha mishahara ya watu elfu kumi. Lakini katikati ya mji palipata tena watu wa jioni, na penye watu mama anauza.

TROY: NYUMBA YA MFUAJI

Kutoka hapo twende Troy, katika jimbo la New York. Mji huu ulitajirika kwa kola za mashati. Inasimuliwa kwamba mwaka 1827 mama mmoja wa Troy, Hannah Montague, alichoka kufua shati zima la mume wake wakati kola peke yake ndiyo ilikuwa chafu. Akaikata kola, akaifua, akaishikiza tena. Kutokana na uchovu wa mama mmoja wa nyumbani kikazaliwa kiwanda cha mji mzima. Zilihitajika kola nyingi, na kola zilihitaji kufuliwa, kutiwa wanga na kupigwa pasi.

Kazi hiyo ilikuwa ya wanawake, wengi wao wahamiaji kutoka Ireland. Walisimama saa 12 mpaka 14 kwa siku, mbele ya maji ya moto, dawa kali na pasi nzito za chuma, kwa dola tatu au nne kwa wiki. Mwaka 1864 msichana mmoja aliyekuwa analisha familia yake, Kate Mullany, aliwakusanya wenzake wakaunda sendika. Wanawake karibu 300 wakagoma. Kabla wiki haijaisha, wenye viwanda walikubali kuongeza mshahara kwa asilimia 25.

Nyumba ya Kate Mullany bado imesimama Troy. Ni ya matofali, ya watu wa kawaida. Mwaka 1998 serikali iliiandika kuwa mahali pa historia ya taifa, na mke wa Rais akafika kuiheshimu. Fikirini, mlango wa nyumba ya mfuaji, na msafara wa Ikulu umesimama nje.

Lakini nyumba haikutengenezwa kwa heshima ya siku moja. Ilinunuliwa mwaka 2003 na shirika linalofundisha historia ya wafanyakazi, American Labor Studies Center. Mwaka 2004 sheria ikapitishwa kuifanya kuwa mahali pa kumbukumbu ya taifa. Kuanzia ubao mpaka sheria ni miaka sita ya barua, mikutano na kubisha milango.

SENECA FALLS: KANISA LILILOKUWA MAHALI PA KUFULIA

Safari iliishia Seneca Falls, mji wenye wakazi chini ya 10,000. Tarehe 19 na 20 Julai 1848, watu karibu 300 walikusanyika katika kanisa dogo kwenye barabara kuu ya mji huo kuzungumzia haki za wanawake. Watu 100 walitia sahihi tangazo lao: wanawake 68 na wanaume 32. Haki ya kupiga kura, ambayo ilikuwa moja ya madai yao, iliandikwa katika katiba ya Marekani mwaka 1920, wakati karibu wote waliotia sahihi walikuwa wamekufa.

Na kanisa lenyewe? Liliuzwa. Likawa ukumbi wa starehe, likawa gereji na duka la magari, mwisho likawa mahali pa kufulia nguo kwa mashine. Mahali ambapo wanawake walidai haki, watu walikuwa wanaingia na mifuko ya nguo chafu bila kujua. Serikali iliamua kuanzisha bustani ya historia ya haki za wanawake mwaka 1980, ikalinunua jengo mwaka 1985. Wakati wa ziara ya 1998, katika kusherehekea miaka 150, kilichobaki cha kanisa la kwanza kilikuwa vipande vya kuta na sehemu ya paa. Jengo lilirudishiwa umbo la kanisa mwaka 2011.

Wakazi wenyewe hawakusubiri serikali. Mwaka 1969 walianzisha nyumba ya kuwaheshimu wanawake wakubwa wa taifa, na mwaka 1979 wakaiweka ndani ya benki ya zamani katikati ya mji. Kiwanda cha zamani cha kufuma soksi kilichofungwa mwaka 1999 hakikuachwa kuwa gofu. Mwaka 2020 nyumba hiyo ilihamia ndani yake.

Njiani kuna Auburn, ambapo Harriet Tubman, mwanamke aliyetoroka utumwa mwaka 1849 akarudi mara nyingi kuwatoa wengine, alinunua ardhi mwaka 1859 na kuishi mpaka kifo chake mwaka 1913. Kanisa la watu weusi ndilo lililoitunza nyumba yake kwa miaka mingi. Basi la 1998 lilisimama hapo. Lakini mahali hapo palikuwa bustani ya taifa mwezi wa Januari 2017, miaka 19 baadaye.

Sasa tuhesabu pamoja. Pittsfield, miaka 8. Troy, miaka 6. Seneca Falls, miaka 13. Auburn, miaka 19. Ziara ilikuwa mchana mmoja kila mahali. Kwa hiyo mama asidanganywe na asijidanganye: siku ya utepe ni siku moja katika kazi ya miaka mingi. Penye watu waliofanya kazi kabla na watakaofanya baada, ziara inasukuma. Pasipo watu hao, inapita kama mvua juu ya mwamba.

MWANAMKE ALIYEPANGA KAZI YA KILA SIKU

Kabla ya safari hiyo, mwanamke mwingine, Mary Means, alikuwa amekwisha kujiuliza kwa nini barabara kuu za miji midogo zinakufa. Alikuwa mfanyakazi wa shirika la taifa la kuhifadhi mahali pa historia. Watu walikuwa wamenunua magari, wanakwenda kununua katika maduka makubwa nje ya mji. Wenye maduka ya katikati, kwa kuogopa kuonekana wa zamani, walifunika matofali mazuri ya majengo yao kwa mabati. Wengine waliona dawa ni kubomoa.

Mwaka 1977 mradi wake ulichagua miji mitatu ya kujaribia: Galesburg, Madison na Hot Springs. Haukuanza na jengo kubwa. Kila mji ulipewa mtu mmoja wa kulipwa, ambaye kazi yake ilikuwa kutembea dukani kwa duka, kusikiliza, kuunganisha watu na kufuatilia. Nguzo zilikuwa nne: watu wajipange, mji ujitangaze kwa soko na sherehe, majengo yatengenezwe bila kuharibu sura yake, biashara zipate nguvu. Mwaka 1980 kazi hiyo ilifanywa ya taifa zima, na tangu hapo jamii zaidi ya 2,000 zimeifuata.

Mwaka 2003 Marekani ilianzisha mpango mwingine, Preserve America, na Laura Bush, mke wa Rais wa wakati ule, akawa mlezi wake. Miji na jamii zaidi ya 900 zilipewa jina hilo na ubao wa kuweka barabarani. Lakini ubao haukugawiwa kama peremende. Jamii iliomba kwanza, ikaonyesha kazi iliyokwisha kuifanya kwa ajili ya historia yake. Kule pia msaada wa pesa ulitaka mji ulete sehemu yake.

NANI ANAFUKUZWA MJI UKIPENDEZA?

Kuna jambo ambalo hotuba za utepe hazilisemi. Barabara ikipendeza, kodi ya nyumba na ya duka inapanda. Aliyevumilia miaka ya vumbi na matope anaweza kuondolewa wakati wa taa na saruji. Hilo limeonekana katika miji mingi duniani, na kwetu tunaliona sokoni: soko jipya likijengwa, meza mpya inauzwa kwa bei ambayo mwenye meza ya zamani hana.

Kwa hiyo tukisikia kwamba katikati ya mji wetu patatengenezwa, swali la kwanza la mama lisiwe rangi ya kitenge. Liwe hili: waliokuwa hapa watarudi hapa, kwa bei gani, na imeandikwa wapi?

TUFANYE NINI SISI?

Miji yetu ina majengo ya zamani pia. Likasi, Kalemie, Bukavu, kila mmoja una barabara yenye baraza na nyumba za zamani, nyingine zimejengwa kwa jasho la mababu waliolazimishwa kazi. Mgeni mkubwa akitangazwa, tunashauri hivi.

Kabla ya ziara, kikundi kikae na kuandika orodha ya wanaouza mahali pale: jina, bidhaa, ukubwa wa meza, miaka aliyokaa. Nakala moja ibaki kwa kikundi, nyingine ipelekwe kwa shefu wa kartie, ya tatu kwenye ofisi ya komini, na ipigwe mhuri wa kupokelewa. Muulizeni pia mwenye kupanga sherehe nani analipa sare na chakula. Kama ni likelemba, basi kikundi kikubaliane wazi kiasi kisichozidi, na mama asiye nacho asitozwe kwa aibu. Kitenge ulicho nacho kinatosha kumpokea mgeni.

Siku ya ziara, chagueni mama mmoja mwenye sauti tulivu wa kusema kwa dakika tatu. Aseme shukrani, kisha ombi moja tu, si kumi. Ombi liwe na kipimo: choo kimoja cha wanawake sokoni, bomba moja la maji, meza kwa waliokuwa kwenye orodha. Ombi la kumi na moja ndilo linalomfanya mkubwa asikumbuke hata moja. Mama mwingine aandike kila ahadi inayotamkwa, na jina la cheo cha aliyeitamka, na tarehe.

Baada ya ziara, msitawanyike na ngoma. Ndani ya wiki mbili peleka barua ya shukrani inayorudia ile ahadi kwa maneno yale yale. Wekeni mama wawili wa kufuatilia, kama yule mtu wa kulipwa wa Mary Means, na kikundi kiwarudishie pesa ya usafiri. Kila mwezi watoe habari katika mkutano. Wahenga walisema pia, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mkubwa hawezi kukaa siku tatu, lakini ahadi yake inabaki kwetu, na hiyo ndiyo ya kupewa jembe.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

Ziara ya mwisho katika kartie yetu ilituacha na nini tunachoweza kukigusa kwa mkono? Tulitumia pesa ngapi sisi wenyewe? Kuna jengo gani la zamani kwetu ambalo watoto wanapita kila siku bila kujua habari yake, na bibi gani bado yuko hai wa kuisimulia? Wakitengeneza soko kesho, jina lako limeandikwa wapi?

Wamama, tunaomba kila kikundi kianze na ile orodha ya meza kabla ya mkutano wa mwezi ujao. Daftari moja na kalamu moja vinatosha.